Singo Migori, Singo Homa Bay: Huku Hakuna Kona ya Kujificha

Wacha nikuchanue mapema. Ukiwa singo na uko na mboka ya mshahara huku South Nyanza, shida yako haitakuwa kukosa mtu. Watu wamejaa. Shida ni kwamba kila msee unayemcheki ako na mtu wake anayekujua. Dem wa benki ni kazin ya mwenye ploti yako. Makanga aliyekubebea bag Rodi Kopany aliketi dawati moja na bro yako huko Ndhiwa. Nduthi iliyokudrop kwa chali jana usiku ndiyo ile ile inampeleka bosi wako kanisa. Nairobi unaeza achwa Kasarani, ukahamia Rongai, ukaanza life upya na hakuna mtu atakuuliza kitu. Homa Bay ukiachwa Jumatatu, Jumanne mama wa samaki anakuongezea kipande na kukupea pole.

Silalamiki. Nasema tu hizo mbinu za Kanairo huku hazishiki: kuficha mtu, kupanga watatu foleni, kujifanya hujaoa. Utashikwa kabla mwezi uishe. Anayesonga huku ni yule anadeti mchana, na jina lake kamili.

Hii crowd ilitoka wapi

Kitambo, mtu wa mshahara kwa hizi town alikuwa odijo, daktari, DO ama karani wa kiwanda. 2013 ugatuzi ukaingia, Migori na Homa Bay zikawa makao makuu ya kaunti, na mainjinia, wahasibu, manasi na wasee wa kompyuta wakaanza kushuka stage na sutikesi. Rongo University na Tom Mboya University zikaleta malekchara. Miradi ya afya ikaleta wale wasee wa Land Cruiser nyeupe na warsha kila wiki. Wengi walifika hawajui mtu. Hiyo ilidumu kama wiki mbili hivi.

Alafu Januari 2025 Marekani ikafunga mfereji wa misaada, na miradi mob ya ukimwi huku ikapigwa breki. Kandarasi zikaisha, magari yakarudishwa, watu wakapanda mat ya Kisumu na godoro juu ya keria. Mapenzi kadhaa yaliishia hapo stage. Mtu anakuahidi atakuwa anakam kila wikendi, baada ya muda mnabaki kutumiana stika za kupunga mkono.

Juni ya mwaka huo huo, Madaraka Day ikaletwa Homa Bay, uwanja wa Raila Odinga ukajaa, na Agosti mkutano wa ugatuzi ukafuata town hiyo hiyo. Kupata rum ikawa ngori, na kila dem alikuwa anajua msee wa protokali. Wageni waliishia, sisi tukabaki na stori.

Migori nayo ni ligi tofauti. Homa Bay ni town ya ziwa na ofisi. Migori ni town ya barabara na biashara. Mabasi ya Nairobi yanapita hapo yakienda Isebania mpakani, na doo yake haingoji mwisho wa mwezi: kuna ya mpaka, kuna ya miwa ya Awendo, kuna ya dhahabu ya Nyatike, kule Macalder na Osiri. Chali wa dhahabu wiki hii analipia meza nzima, wiki ijayo anakuomba finje ya nduthi. Mtu wa mshahara asishindane naye Ijumaa, ataaibika bure. Amngoje Jumatano.

Na ukivuka hapo Sirare, weka Sheng mfukoni. Manzi wa Tarime atakuskiza na heshima zote mpaka umalize, alafu akuulize polepole, "Samahani kaka, umesemaje?" Mistari yako yote imekufa hapo.

Singo wa Jumatatu hadi Alhamisi

Sasa tuongee ukweli. Kuna watu singo, na kuna watu singo wa siku za kazi. Enda stage ya Kisumu Ijumaa saa nane mchana, usimame kando, ucheki nani anapanda. Yule msee wa fainansi aliyekuwa anakuita jaber wiki nzima ako hapo dirishani, amebeba kilo mbili za omena na pakiti ya daipa. Simu itazima hadi Jumapili usiku, alafu saa tatu meseji inaingia: "Niaje nyar Suna, nilikumiss."

Keja nayo husema yote. Msee ako na cheo, shati zake zimepigwa pasi, lakini ukiingia kwake unapata godoro chini, sufuria moja, kikombe cha plastiki na kalenda ya sacco. Hakuna pazia. Usimhurumie ati amesota. Hapo amepiga kambi tu. Nyumba yake iko mahali ingine, na kuna mtu wa kwake aliichagulia mapazia.

Na si machali peke yao. Kuna madem wako na bwana Nakuru na watoi wawili shule, lakini hapa Migori stetas inasema "Mungu na mimi". Tabia ni moja, pafyumu ndio tofauti.

Akishikwa, wimbo hubadilika: "Lakini sisi Wajaluo tunaoaga wawili." Enyewe, Sheria ya Ndoa ya 2014 inatambua ndoa ya kimila ya wake wengi. Lakini nyachira, bibi wa pili, ako na nyumba yake kwa dala, ako na jina, na mikayi, bibi wa kwanza, anajua ako. Wewe umefichwa bedsita ya Makongeni na unaambiwa usiposti picha. Hiyo haiko kwa mila, haiko kwa sheria. Hapo unachezewa tu.

Fare, Fuliza na mshahara

Mshahara wa kaunti hukuja ile siku Hazina Kuu imeachilia doo, na hiyo siku hakuna anayeijua. Ikikuja, kabla dem aitishe hata soda, serikali ishakula yake: asilimia 2.75 ya bima ya afya, 1.5 ya nyumba, na kodi yenyewe. Alafu sacco, alafu mathe wa nyumbani, alafu mtoi wa bro yako ametumwa fees. Ukiona msee wa tai anakunywa chai ya rangi tarehe ishirini, usimcheke. Ako ndani ya bajeti.

Sasa kwa hiyo kidogo imebaki, toa fare ya kumtumia dem. Migori kukam Homa Bay si mbali: unapanda gari, unapita Awendo, unashuka Rongo, unashika Probox ya Rodi na Homa Bay. Ndio maana Rongo imemeza fare ya machali wengi kuliko stage yoyote huku.

"Umefika wapi?"

"Rongo. Gari inajaza."

Nusu saa.

"Bado?"

"Imebaki mtu mmoja."

Mazee, Probox gani ya Rongo inakosa mtu mmoja nusu saa? Hiyo gari hubeba watu hadi kwa boot. Lakini chali ashapiga deki, amenunua ngege mbili, na fare yenyewe aliitoa na Fuliza, so anaamini juu hana njia ingine. Saa kumi na moja simu ya dem inazima.

Nairobi stori ingeishia hapo. Huku, mpiga debe wa Rongo ni beshte wa huyo chali tangu primo, na kabla giza iingie sauti imeingia WhatsApp: "Omera, huyo dem hajapita hapa. Lakini bro yangu amemcheki Migori, ako salon, anasukwa." Kesho yake Oruba nzima imeskia, na hata mama wa salon anajua nani alilipia hizo nywele.

Madem, fare ya mtu ka huendi rudisha. Na nyinyi machali, ka unamtaka, panda gari uende mwenyewe. Ukimfuata Migori utamwona kwake, utaona anaishi aje na anasalimiana na nani njiani, na hiyo fare itakuwa imelipia kitu.

Deti ya samaki

Wageni hutaka mahali kuna menyu na taa za rangi. Deti ya kweli Homa Bay iko kwa vibanda vya samaki karibu na ziwa. Mama anakuonyesha ngege waliolala kwa sinia, unachagua kwa macho, mnasumbuana bei kidogo, anaingia mafuta. Alafu mnangoja. Huo muda wa kungoja ndio deti yenyewe, juu hakuna ngoma ya kukuokoa na bando imeisha. Mkiishiwa na stori kabla samaki akauke, mshajua.

Samaki anafika mzima, na kuon (ugali) ya moshi, mboga ya osuga, chumvi na pilipili. Birika ya kunawa inapitishwa. Hapo fungua macho. Anayekumwagia maji kwanza kabla ya yeye kunawa, ako na mama yake. Anayekutolea mfupa bila kuambiwa, weka alama. Anayeuliza ka kuna uma, mpe muda, Nairobi bado haijamtoka. Anayeuliza bei akishamanga hadi kichwa, hepa. Mgaagaa na upwa hali wali mkavu, na huku upwa wa ziwa uko na wagaagaa wengi wanaomanga jasho ya wengine.

Lakini kabla uitishe, uliza mtu imani yake. Waadventista wako huku tangu 1906, misheni ya Gendia ilipoanza pale Kendu Bay, na South Nyanza imejaa wao. Mumi hana magamba, so Msabato hamgusi. Ukimwekea hapo mezani unamwambia wazi hujawahi muuliza kitu kumhusu. Na Ijumaa jua ikizama Sabato ishaingia: hakuna dunda, hakuna klabu, hadi Jumamosi jioni. Kuna chali wa Nairobi ninayemjua alikaa miezi akidhani anaachwa kila Ijumaa, kumbe dem ako kwaya.

Ukichoka na samaki, mahali pa kwenda pako na hapaumizi mfuko. Panda Got Asego asubuhi, town nzima na ziwa ziko chini yako. Vuka Mbita uingie Rusinga, penye Tom Mboya alizikwa. Enda Ruma, mbuga ya korongo, wale swala ambao Kenya hawapatikani porini mahali ingine. Upande wa Migori kuna Thimlich Ohinga, zile kuta za mawe zilizopangwa bila simiti na UNESCO ikaziweka kwa orodha ya urithi wa dunia 2018. Na kuna Simbi Nyaima, Kendu Bay, lile ziwa wazee husema ni kijiji kilizama juu wasee walikuwa kwa sherehe wakamfukuza mama mzee aliyeomba pa kulala. Mpeleke mtu hapo, umpe hiyo hadithi, uskize anamhurumia nani.

Matanga na ohangla

Ukitaka kuona masingo wamepiga luku, wachana na klabu, enda matanga. Watu wameshuka kutoka Nairobi, Mombasa na Eldoret, suti nyeusi, miwani, viatu vya bei. Hiyo ndiyo Tinder ya huku, ila profaili yako inasomwa na MC kwa maiki mbele ya kijiji. Huwezi danganya kazi, juu anti yako ameketi safu ya pili. Na huwezi danganya ndoa, juu bibi yako yuko jikoni anapakua.

Naongea matanga ya mchana. Disco matanga ya usiku imeachia watoi wa shule mimba, na machifu wameipiga marufuku mara nyingi. Mtu mzima wa mshahara akipatikana huko na mtoi wa fomu tatu, hiyo tunaita kesi. Na lekchara anayerushia mwanafunzi wake mistari kabla ya matokeo kutoka, asijifanye ati ni mapenzi.

Usiku kwa ngoma ya ohangla, msanii Prince Indah akiwa town, keti mbali kidogo na meza za mbele. Hapo kuna pakruok: msee anatoa doo, bendi inateremsha ngoma, anashika maiki, anajisifu yeye, dem wake, mama yake na ng'ombe za babu yake. Anarudi kuketi, anainuka tena. Inabamba, sikatai, na ukisifiwa mbele ya watu mwili inasisimka. Lakini jiulize hiyo doo ilikuwa ya nini. Chali anayetupia bendi doo ya rent, mwezi ujao anahamia kwako na sabufa yake.

In nyar kanye?

Hilo swali, yaani wewe ni binti wa wapi, litakupata tu, so lijibu mapema. Wajaluo hawaoani ndani ya ukoo moja, na wazee hawachekagi na hiyo. Kabla mioyo ishikane, pangeni: ni Kanyada, Karachuonyo, Kasipul ama Kanyamwa? Upande wa Migori, ni Kamagambo, Sakwa, Kanyamkago, Suna ama Kadem? Na upande wa mama? Jina peke yake haitoshi, kila boma iko na Otieno wake. Kuna watu wamedeti hadi wakanunua kochi pamoja, alafu wanakutana kwa matanga ya mzee mmoja, wote wawili wameketi upande wa familia.

Migori pia ni mchanganyiko: Wakuria wa Kehancha, Abasuba, Wakisii, Wasomali wa maduka. Kila mtu ako na hesabu yake ya ng'ombe na wajomba wake wa kuridhisha. Uliza mapema, bei ya kuuliza ni sifuri.

Kwa chali, kipimo ni simba, ile nyumba kijana hujijengea kwa boma la babake. Ako na degree, ako na keja ya rum mbili, lakini kwao hajajenga simba, na kulala na dem ndani ya nyumba ya babake haiwezekani. Akikuambia mnaenda kwao Krismasi, muulize mtalala wapi. Akianza kujenga, tulia. Akianza kuuliza wazazi wako wanapatikana lini juu ya mahari ya ayie, osha vyombo.

Dem naye wa miaka thelathini na kitu, ako na mshahara na plot yake Rongo, ataambiwa na kila shangazi ati anasoma sana, ati machali wanamwogopa. Dada yangu, chali anayeogopa payslip yako angeogopa pia siku yako ya kusota. Wacha apite.

Kipimo

Hapa hatuchezi. Utafiti wa kitaifa wa KENPHIA wa 2018 ulipata maambukizi ya virusi vya ukimwi kwa watu wazima Kenya ni asilimia 4.9. Homa Bay ilikuwa 19.6, karibu mtu mmoja kwa watano. Migori ilikuwa 13.0. Hiyo hesabu haimaanishi watu wa huku ni wachafu. Inamaanisha wako hapa, wanafanya kazi, wanapenda, wanazaa, na wengi wanameza dawa zao bila kukosa. Na mtu aliyemeza hadi virusi havionekani kwa kipimo hamwambukizi mwenzake kitandani. Wa kuogopwa ni yule asiyejua hali yake na hataki kujua.

Unaogopa kwenda kliniki juu nasi ni jirani yako? Naelewa, huku ndio huku. Uliza kemia kifaa cha kujipima, mjipime wote wawili mkiwa keja, mngoje jibu pamoja. Likitoka positivu, enda hospitali lithibitishwe, dawa ni za bure. Likitoka negativu na mwenzako ako kwa dawa, kuna PrEP, dawa ya kujikinga, tangu 2017. Anayekataa kupimwa na wewe ashakujibu.

Na kuna kitu ingine ya kipimo. Watu wa ofisi hupenda kudharau jaboya ya bichi, ile mvuvi anamuuzia mama samaki akilala na yeye tu. Sawa. Sasa panda ngazi hadi ofisini. Kandarasi ya miezi sita iko kwa meza ya mkubwa, na mkubwa anataka kwanza "mfahamiane" Kisumu wikendi. Samaki imekuwa karatasi, bei ni ile ile. Usiiite deti, na usimcheke mama wa samaki wa bichi ya Sindo.

So we ka uko singo, chukua hizi nne uende nazo. Mwalike mtu mchana. Muulize kwao ni wapi na nani anamjua. Mpimwe pamoja kabla ya mambo mengine. Na ka mambo yameisha, mwambie kwa mdomo, usimwache na tiki mbili za blu, juu Jumatano mtakutana soko.

Na we msee wa Ijumaa saa nane, ka uko na bibi Kisumu, sema sasa hivi. Tutajua tu.